Baada ya Msaada Kukatika: Kweli na Si Kweli

Tarehe 22 Agosti 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyofuta AFDC, mpango wa fedha taslimu ambao mizizi yake ni mwaka 1935 na uliowategemeza kina mama maskini wa Marekani wanaolea watoto. Mahali pake ukawekwa mpango wa TANF. Kila jimbo likakabidhiwa fungu lake, jumla dola bilioni 16.5 kwa mwaka, likaambiwa lipange lenyewe jinsi ya kuwatoa watu kwenye msaada na kuwaingiza kazini. Ukiacha wachache wanaosamehewa, hakuna aliyeruhusiwa kupokea fedha za serikali kuu zaidi ya miezi 60 maishani mwake. Majimbo mengine yalikaza zaidi. Connecticut iliweka miezi 21.

Waliopinga walitabiri watoto kulala barabarani, na Peter Edelman, ofisa wa juu katika wizara iliyohusika, alijiuzulu. Waliounga mkono walitabiri nyumba zitakazojisimamia. Kisha watafiti wakaanza kuzifuatilia familia zilizotoka, na baadhi ya kazi waliyoifanya ni ya kupigiwa mfano. Bahati mbaya, kinachosikika zaidi ni vipande vilivyochomolewa humo. Nimevikusanya vile vinavyorudiwa mara kwa mara, kwa sababu nyuma ya kila kimoja kuna mama na watoto ambao maisha yao yanaamuliwa na anayekiamini.

“Orodha imepungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo mpango umefaulu.”

Si kweli, na hili ndilo kosa linalozaa mengine yote.

Mwaka 1994 familia zilizopokea msaada zilikuwa kama milioni 5. Kufikia 2000 zilikuwa zimebaki milioni 2.2 hivi. Hakuna anayebisha hesabu hiyo. Lakini mtu hutoka kwenye orodha kwa njia nyingi. Huyu amepata kazi, yule ameolewa. Mwingine mtoto wake wa mwisho ametimiza miaka 18, au amehamia jimbo jingine. Mwingine alikosa miadi kwa kuwa basi halikuja, faili lake likafungwa. Na wapo ambao hawakuandikwa kabisa: walifika ofisini wakaambiwa kwanza wazunguke kutafuta kazi wiki kadhaa ndipo ombi lao lishughulikiwe, nao wakaenda zao wasirudi. Kwenye takwimu wote hao ni upungufu mmoja, na mwanasiasa anaweza kuuita ushindi bila kusema uongo hata neno moja.

Ni haki kusema pia kwamba umaskini wa watoto ulishuka miaka ile, kutoka asilimia 20.5 mwaka 1996 hadi 16.2 mwaka 2000. Lakini sheria mpya haikufanya kazi peke yake. Uchumi ulikuwa umechangamka kiasi kwamba ukosefu wa ajira mwaka 2000 ulikuwa asilimia 4. Kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka dola 4.25 hadi 5.15 kwa saa kati ya 1996 na 1997. Tena mwaka 1993 Bunge lilikuwa limeongeza sana nafuu ya kodi ya EITC, inayowarudishia fedha wafanyakazi wa kipato kidogo wenye watoto. Uchumi ulipolegea baada ya 2000, umaskini wa watoto ukapanda tena, na orodha ikaendelea kupungua vilevile. Laiti orodha ingekuwa kipimo cha hali ya familia, mambo hayo mawili yasingeachana.

Kipimo kinachonishawishi zaidi ni hiki: mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata msaada huu. Mwaka 2014 zilizopata ni 23.

“Wengi waliotoka wanafanya kazi.”

Kweli.

Taasisi ya Urban Institute ya Washington ilifanya uchunguzi mkubwa wa familia za nchi nzima mwaka 1997, ikaurudia 1999 na 2002. Pamela Loprest, aliyechambua majibu ya waliotoka, alikuta kwamba asilimia 61 walikuwa kazini mwaka 1997, na asilimia 64 mwaka 1999. Tafiti zilizofadhiliwa na serikali kuu katika majimbo na kaunti kadhaa zilifika karibu palepale: katika robo yoyote ya mwaka, watatu kati ya watano walikuwa na mshahara.

Waliosema kina mama hawa hawataki kazi walikosea, na inafaa lisemwe waziwazi. Ila “kufanya kazi” hapa ina maana ya kuonekana na kazi siku ya kuulizwa. Haisemi kama ni ya saa 15 au 40 kwa wiki, wala kama itakuwepo mwezi ujao. Nusu ya waliofanya kazi mwaka 1997 walilipwa chini ya dola 6.61 kwa saa, na asilimia 23 tu walikuwa na bima ya afya kutoka kwa mwajiri. Tena sio wote waliotoka walibaki nje: kama mmoja kati ya watano au wanne alikuwa amesharudi kwenye msaada alipohojiwa.

“Mwenye kazi amepata nafuu kuliko alipokuwa akipokea msaada.”

Inategemea, na yanayoamua ni mambo yanayohesabika.

Tuchukue mama mwenye watoto wawili huko Wisconsin, jimbo ambalo gavana wake Tommy Thompson alilifanya mfano wa nchi nzima. Chini ya mpango wa zamani angepata dola 517 kwa mwezi. Sasa yuko kazini, saa 30 kwa wiki, kwa ule mshahara wa dola 6.61. Kwa mwezi hiyo ni kama dola 859. Toa makato ya lazima ya pensheni na bima ya afya ya uzeeni, zinabaki 793. Stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, zinapungua kwa kuwa sasa ana kipato kikubwa zaidi, lakini hazipaswi kukatika. Kwa hesabu yangu amebaki na ziada ya dola mia mbili na kitu kuliko zamani. Mwisho wa mwaka, akijaza fomu za kodi, EITC ya mwaka 1997 ingeweza kumpa hadi dola 3,656. Huyo ana nafuu, na ni nafuu ya kweli.

Lakini tazama masharti yaliyojificha ndani ya hesabu hiyo. Ni lazima apate mtu wa kukaa na watoto kwa bei nafuu au kwa ruzuku, kwa maana malipo ya kituo cha kulelea watoto peke yake yanaweza kumaliza ziada yote. Anahitaji nauli au gari. Stempu za chakula ziendelee kuja. Asiugue mtoto hata akafukuzwa kazi. Na ile EITC inakuja mara moja kwa mwaka, ilhali kodi ya nyumba inadaiwa kila mwezi.

Katika maisha halisi, vilivyokatika kwanza ni vile ambavyo havikupaswa kukatika. Sheria ya 1996 ilitenganisha Medicaid, yaani matibabu ya bure kwa maskini, na msaada wa fedha, ili anayetoka kwenye kimoja asipoteze kingine. Ofisini ikawa kinyume. Faili la fedha lilipofungwa, mara nyingi stempu na Medicaid vilifungwa nalo, na mama hakuelezwa kwamba bado ana haki navyo. Kwa kweli linaniuma hili kuliko mengine yote katika habari hii, maana halikutokana na uhaba wa fedha. Haki ilikuwepo na bajeti ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia.

Ndiyo maana katika uchunguzi ule wa 1997, theluthi moja ya waliotoka walisema wamewahi kupunguza chakula au kuruka mlo kwa kukosa fedha, na karibu wanne kati ya kumi walikuwa wameshindwa kulipa kodi ya nyumba au bili za umeme na maji wakati fulani ndani ya mwaka huo.

Na tusisahau kwamba Wisconsin ililipa vizuri. Mississippi familia ya watu watatu ilipewa dola 120 kwa mwezi. Karibu kazi yoyote inazidi fedha hizo. Anayesema “waliotoka wameendelea” bila kutaja jimbo hajakuambia kitu. Tena Kathryn Edin na Laura Lein, waliozungumza na kina mama 379 wa kipato kidogo huko Chicago, Boston, San Antonio na Charleston kwa ajili ya kitabu chao cha 1997, walionyesha kwamba si msaada wala mshahara mdogo uliotosha gharama za mwezi. Aliyekuwa kazini alipata zaidi, akatumia zaidi kwa nauli, nguo na malezi ya watoto. Wote walijaziliza kwa ndugu, baba wa watoto, mashirika ya hisani na vibarua visivyoandikwa popote.

“Daftari la mishahara la serikali linatosha kujua hali yao.”

Si kweli. Waajiri huripoti mishahara kila robo mwaka kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira, na watafiti wa majimbo waliyapenda madaftari hayo kwa kuwa ni rahisi na hayasahau. Lakini hayamwoni aliyevuka mpaka kufanya kazi jimbo la jirani, anayesuka nywele nyumbani, wala anayefagia nyumba za watu kwa malipo ya mkononi. Mshahara wa mume au mwenzi hauonekani kwa kuwa humtafuti yeye. EITC haimo.

Ukienda kwa dodoso unaziba mapengo hayo, kisha unakumbana na jingine. Aliyehama mara tatu kwa kushindwa kodi, simu yake imekatwa, humpati. Waliopatikana huenda ndio wenye hali nzuri kidogo. Utafiti wa kuaminika hutumia njia zote mbili, kisha unasema wazi umewakosa akina nani.

“Mpango ndio uliowaingiza kazini.”

Kwa sehemu tu. Katika nyakati zote, watu wengi hutoka kwenye msaada wenyewe. Mtoto anaanza shule, dada anahamia karibu, kiwanda kinafunguliwa. Ukiwahesabu waliotoka ukasema ni kazi ya mpango, unajipa sifa kwa jambo ambalo lingetokea hata ofisi ikifungwa.

Dawa yake inajulikana. Unawagawa waombaji kwa bahati nasibu: nusu wanaingia mpango mpya, nusu wanabaki na utaratibu wa zamani, kisha unawafuatilia wote. Taasisi ya MDRC ilifanya hivyo kwa zaidi ya watu 40,000 katika miji na kaunti saba, zikiwemo Atlanta, Detroit, Portland na Riverside, ikawafuata kwa miaka mitano. Karibu mipango yote 11 iliongeza ajira na mishahara kuliko kwa kundi la kulinganisha. Lakini kipato cha jumla hakikusogea sana, kwa sababu karibu kila dola iliyoingia kwa mshahara ilipotea upande wa msaada na stempu. Watu walifanya kazi zaidi wakabaki na mfuko uleule.

Portland ilifanya vizuri kuliko wengine. Huko mama hakusukumwa aikamate kazi ya kwanza aliyokutana nayo. Aliyehitaji alipewa mafunzo mafupi, na wote walihimizwa wangoje kazi ya kutwa nzima, yenye mshahara unaozidi kima cha chini na yenye matarajio.

Minnesota ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 ilianza kujaribu mpango wa MFIP katika kaunti saba, ambao haukumkatia mama msaada wote mara anapopata kazi. Sehemu ya mshahara haikuhesabiwa, na msaada ulipungua polepole hadi familia ifike kama asilimia 140 ya mstari wa umaskini. Kwa kina mama wasio na waume waliokuwa wamepokea msaada kwa muda mrefu, ajira ilipanda na umaskini ukashuka kwa pamoja, jambo ambalo mipango mingi haikuweza. Ukatili wa majumbani walioueleza kina mama ulipungua. Watoto wao walifanya vizuri zaidi shuleni na walikuwa na matatizo machache ya tabia, kwa maelezo ya mama zao.

Mpango huo uligharimu zaidi. Ulipopanuliwa jimbo zima mwaka 1998, kile kiwango cha 140 kikashushwa hadi 120. Hilo nalo ni jibu kwa wanaouliza kwa nini matokeo mazuri ya majaribio hayaonekani baadaye: kilichojaribiwa na kilichotekelezwa havikuwa kitu kimoja.

“Waliobaki bila kazi ni wavivu.”

Si kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiwemo Sandra na Sheldon Danziger, waliwafuata kina mama 753 wa kaunti moja ya mjini kuanzia 1997. Karibu robo yao walikuwa na dalili za sonona kali. Karibu nusu hawakuwa na gari au leseni, katika nchi ambayo basi haliendi kila palipo na kazi. Wengine walikuwa wakipigwa na wenzi wao, wengine hawakumaliza sekondari, wengine walikuwa na mtoto mgonjwa. Kizuizi kimoja watu walikivuka. Vilipolundikana vitatu, vinne, uwezekano wa kupata kazi na kudumu nayo ulishuka sana.

Waliokatiwa msaada kama adhabu ya kutotimiza masharti walitoka zaidi katika kundi hili. Tafiti za majimbo mengi zinawaonyesha wakiwa na elimu ndogo zaidi na kazi chache zaidi kuliko waliotoka kwa hiari. Kuwachanganya na waliopata kazi, kisha kutoa wastani, ni kuwafuta.

“Mama akienda kazini watoto huharibika.”

Kwa wadogo, si kweli. Kwa vijana, tuwe waangalifu.

Utafiti wa miji mitatu, Boston, Chicago na San Antonio, uliohusu familia zipatazo 2,400, ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2003. Haukuona madhara kwa watoto wa umri wa chekechea mama zao walipoingia kazini, na afya ya akili ya vijana ilionekana kuwa nzuri kidogo. Lakini wachambuzi waliokusanya majaribio ya bahati nasibu walikuta vijana wakishuka kidogo shuleni, hasa wale wenye wadogo zao nyumbani. Sababu inayokisiwa haimshangazi yeyote aliyelelewa katika nyumba ya watoto wengi: mama akiondoka, mkubwa ndiye anakuwa mlezi. Ruzuku ya kulea mtoto wa miaka mitatu inaweza kuwa ndiyo inayomwokoa wa miaka kumi na minne. Sijaona jimbo lililopanga bajeti yake likiwa na wazo hilo mbele.

“Ilifaa miaka ya 1990, kwa hiyo inafaa daima.”

Si kweli. Uchunguzi wa Urban Institute wa 2002 uliwakuta waliotoka asilimia 57 tu wakiwa kazini, kutoka ile 64 ya miaka mitatu nyuma. Kundi lililotia hofu zaidi ni la wasio na kazi, wasio na mwenzi mwenye kazi, wasio na msaada huu wala ule wa ulemavu. Walikuwa mmoja kati ya kumi mwaka 1999. Sasa walikuwa mmoja kati ya saba. Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Ukosefu wa ajira uligonga asilimia 10 Oktoba 2009, wapokeaji wa stempu za chakula wakaongezeka kwa mamilioni, na TANF ikasogea kidogo sana. Fungu la dola bilioni 16.5 halikuwa limepandishwa kufuata gharama za maisha tangu 1996, na majimbo yalikuwa yameshazoea kulitumia kwa mambo mengine.

“Haya ni ya Wamarekani, sisi hayatuhusu.”

Si kweli. Maelfu ya familia za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili zimepewa makazi Marekani kama wakimbizi, na zile zenye watoto huweza kupitia TANF katika miezi na miaka ya kwanza. Huko Minnesota mpango wao bado unaitwa MFIP. Mama aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anapata kazi ya usiku kiwandani, barua ya Kiingereza inakuja kwamba msaada unafungwa, naye anadhani vyote vimefungwa.

Kwa hiyo haya yafaa yajulikane Kiswahilini. Msaada wa fedha ukikoma kwa sababu ya mshahara, Medicaid ina utaratibu wa mpito unaoweza kuendelea hadi miezi 12. Watoto wanaweza kubaki na haki ya matibabu hata mama akiikosa. Stempu za chakula zina hesabu yake, ingawa sheria ya Julai 2025 imewafungia mlango wakimbizi wengi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu, hivyo ni lazima kuuliza hali ya kila mtu nyumbani, mmoja mmoja. EITC haiji yenyewe; hudaiwa kwa kujaza fomu ya kodi hata kama mshahara ni mdogo kiasi cha kutodaiwa kodi. Na barua ya kukatiwa huwa na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Ofisi inatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Mwombe kabla tarehe hiyo haijapita.